Faida ya Chai kwa Mkulima Mdogo



Mwaka 1957 kilifunguliwa katika wilaya ya Nyeri kiwanda cha Ragati, cha kwanza nchini Kenya kwa chai ya wakulima wadogo. Mwaka 1964 iliundwa halmashauri ya KTDA kuwasimamia wakulima hao. Mwaka 2000 ikawa kampuni, na wenye hisa ni wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao.

Lakini faida ya chai haiji upesi. Mche hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hang'oi mahindi yake yote, asije akangojea fedha huku watoto wana njaa.

Tena, majani mawili na chipukizi lake yakisha kuchumwa, hayana budi kufika kiwandani siku ile ile. Gari likikwama matopeni, kazi ya kutwa huharibika. Basi yeyote atakaye kutia mali yake katika nchi ya wakulima, na atazame udongo na mvua, lakini asisahau kuitazama barabara.