Mwana Aingiapo Gredi ya Nne

Wazazi na walezi watukufu, mwana atokapo Gredi ya Tatu na kuingia ya Nne, ambayo katika nchi yetu ya Kenya ndiyo mlango wa shule ya msingi ya juu, hali ya masomo yake hubadilika kuliko idhaniwavyo na wengi. Kwani mpaka hapo alikuwa akifundishwa kusoma, na tangu hapo atatakiwa asome ili aelimike, na yule ambaye ulimi wake ungali ukikwama katika silabi atataabika si katika lugha peke yake, bali katika sayansi, na katika hesabu zilizotungwa kwa maneno vilevile.

Basi jioni, vyombo vya chakula vikiisha kuondolewa, mwambie akusomee ukurasa mmoja, kisha afunge kitabu na akuhadithie kwa maneno yake aliyoyafahamu. Akisoma kwa ufasaha naye asijue alichokisoma, hiyo ndiyo ilani; mwendee mwalimu wake muhula ungali mchanga, wala usingoje ripoti. Na akisogeza kitabu karibu na pua, mpeleke apimwe macho kabla hujamshutumu kwa uvivu.

Ama ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya Sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, haikuwekwa imzuie mtoto kuingia Gredi ya Saba. Kumtia hofu kwa ajili yake ni kumdhulumu. Twawasihi, enyi wazazi, usiku wa leo mketi na wana wenu, muwasikilize wakisoma.