KITI KWANZA, PICHA BAADAYE
(Hotuba ya Kamati ya Karakana katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Muungano)



Habari za kahawa zimekwisha elezwa. Sisi twaomba kusema machache juu ya viti na meza za chuma zitokazo katika karakana yetu. Karakana hiyo iliwekwa ili kutengeneza mashine za kumenyea kahawa, na chuma chake hununuliwa kwa makato ya mazao yenu. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Halmashauri imeazimia kupeleka kazi hizo katika maonyesho ya ufundi yasiyompokea kila ajaye. Katika maonyesho ya namna hii waamuzi huchagua kwanza, na aghalabu huchagua kwa kutazama picha. Ndivyo yalivyo maonyesho ya Smithsonian mjini Washington, Marekani, yaliyoanza 1983. Jambo hili si geni kwa mkulima. Mwonjaji wa kahawa haendi shambani. Huonja kikombe, na kwa kikombe hicho magunia hupata daraja. Picha ndiyo sampuli yetu.

Lakini sampuli haiwezi kuitengeneza kahawa iliyoharibika. Hapana budi kazi ianzie kwenye kiti. Kwanza, kiti kisimame juu ya sakafu iliyo sawa bila kuyumba. Pili, matone ya chuma yaliyoruka wakati wa kuchomelea yaondolewe kwa patasi, na maungio yasuguliwe kwa tupa. Ila yasisuguliwe mno, maana ungio lililoliwa na tupa hupungukiwa nguvu. Tatu, ncha za bomba zizibwe, maji yasiingie, kwani kutu ya ndani haionekani mpaka imekwisha haribu. Nne, kutu na mafuta yafutwe kabla ya kupaka rangi. Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja nayo. Tano, vipimo vipatane: kiti cha kimo cha sentimita 45 chafaa kwa meza ya sentimita 75, magoti yapate nafasi.

Hayo yakiisha, ndipo tuite kamera. Kitu kimoja kipigwe picha peke yake, mbele ya nguo ya kijivu isiyo na maua, iliyotundikwa ukutani na kuteremka hadi sakafuni bila mkunjo. Mahali pawe kivulini penye mwanga mwingi, maana jua la mchana huchoma rangi upande mmoja na kutia giza upande wa pili. Chuma king'aacho hurudisha sura ya kila kilicho mbele yake, hata shati la mpiga picha. Yafaa basi kusimamisha shuka nyeupe pande zote mbili. Kamera iwekwe juu ya miguu yake, sawa na nusu ya kimo cha kiti, nayo irudishwe nyuma hatua kadhaa. Ikisogezwa karibu mno, miguu ya mbele huonekana minene kuliko ya nyuma. Kisha ipigwe picha ya pili, ya ungio moja kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo mwamuzi hupima mkono wa fundi.

Siku hizi simu yaweza kufuta kovu la chuma katika picha kwa kidole kimoja. Twasema wazi: tusifute. Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao 1844, walishika kanuni ya kuuza bidhaa safi kwa vipimo kamili. Sisi tuliounda ushirika kwa sababu ya mizani, tutawezaje kupima kwa picha ya uongo? Mnunuzi atakalia kiti, hatakalia picha. Kovu likionekana, kiti kirudi karakana.

Twaomba mambo mawili. Mafundi wapewe muda, wasiharakishwe. Na kila chama cha msingi kilete mwanachama mmoja, asiye fundi, aje kuvikalia viti hivyo na kusema kweli yake kabla ya picha kupigwa. Jina litakaloandikwa chini ya picha ni la Muungano, yaani ni letu sote.