Maabara ya Serikali Ije Ziwani: Wasichana wa Asumbi na Sayansi ya Anga

Msichana wa shule ya Asumbi, Homa Bay, hahitaji kusimuliwa radi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria huingia nchi kavu, hupanda kuelekea milima ya Gusii, hukutana na upepo wa mashariki, na alasiri ngurumo huanza. Usiku kibao hugeuka: upepo wa nchi kavu huelekea majini, mawingu hujijenga juu ya ziwa, na wavuvi wa Homa Bay hukumbwa na dhoruba wakiwa kazini. Somo zima liko juu ya paa la bweni. Vifaa vya kulisomea ndivyo vilivyo mbali.

Vingi viko Dagoretti Corner, Nairobi, kwenye Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Chuo cha idara hiyo, IMTR, na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa pamoja ni kituo cha mafunzo cha kanda kinachotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Tangu 1996, kwa ushirikiano na Uswisi, puto lenye kipima ozoni hurushwa huko kila wiki. Anayeshika kamba ya puto hilo, kisha akaona takwimu zikiingia kutoka angani, hupata elimu ambayo ubao hauna.

Wamarekani walianzia hapo hapo, kwenye vifaa. Mwaka 2001 NOAA, taasisi ya serikali ya bahari na anga, iliingia ubia na Chuo Kikuu cha Howard, kilichoasisiwa kuwaelimisha Weusi, chini ya uongozi wa Vernon Morris. Wanafunzi walipanda meli ya utafiti, wakapima vumbi la Sahara katikati ya Atlantiki. Howard kikawa mstari wa mbele katika kutoa wahitimu Weusi wa shahada ya uzamivu wa fani hii.

Kenya nayo ina mfano wake. Huko Vihiga, Idara ya Hali ya Hewa, kituo cha kanda cha utabiri wa tabianchi ICPAC, na Chuo Kikuu cha Maseno walikaa na wazee wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, wakaoanisha utabiri wa msimu. Wazee hawakuitwa ili wapigwe picha tu.

Kwa hiyo vyuo vikuu vya Maseno, Rongo na Tom Mboya vina pa kuanzia ubia na Idara. Puto ni ghali. Kituo kidogo cha TAHMO, mradi ambao tayari umeweka vituo vyake kwenye shule nyingi za Afrika, si ghali hivyo. Hakina sehemu inayozunguka: mvua huingia kwenye faneli, huhesabiwa tone kwa tone, na takwimu husafiri kwa mtandao wa simu. Kikisimikwa Asumbi, wasichana wa sekondari wangesoma mvua yao wenyewe, na walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu cha jirani wangeibeba stadi hiyo hadi shule za msingi watakakopangiwa.

Lakini mkataba wa ubia huo utaje wazi nani atalipia vipuri na bando wafadhili wakishaondoka, na nafasi ngapi za mafunzo kazini Dagoretti zitatengewa wasichana hao, nauli na malazi yakiwemo.