Nyasi na Kiberiti

Mazungumzo ya Redio. Somo: Mwanzo 2:15



Huku kwetu Kwale, toka milima ya Shimba mpaka Msambweni, kaskazi ikikausha nyasi, mkono wa mkulima huenda kwenye kiberiti. Sisi nasi tulifanya hivyo. Nyasi zilizobaki kando ya mihogo tuliziita pori, tukaziwasha zote siku moja. Jioni, tukipita juu ya majivu, tukakuta kiota cha kwale. Mayai sita, yote yameiva kwa moto. Ndege huyu hutaga chini, hana pengine. Na jina lake ndilo jina la mji wetu!

Usiku ule tulisoma habari za Adamu, tukaona kwamba alipewa kazi mbili katika bustani. Ile ya jembe twaipenda. Ya pili, ya kutunza, tulikuwa tumeiachia Serikali.

Lakini msidhani twasema moto ni dhambi. Palahala, yule mnyama wa pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, katika Kenya nzima amebaki Shimba peke yake, katika hifadhi iliyowekwa mwaka 1968. Nyanda anazolisha zikikosa moto kwa miaka mingi, vichaka huzifunga. Hapo hupotea malisho, na hupotea hata okidi, yale maua madogo yachipuayo kati ya nyasi. Basi kuacha tu, bila kushika kazi, si kutunza.

Sasa nyasi zetu tumezigawa sehemu tatu. Moja huchomwa, baada ya kulima ukanda mtupu kuizunguka, na siku ambayo upepo umetulia. Kwanza twaipita kwa miguu, tukitazama viota. Ya pili hulishwa ng'ombe, kisha hupumzishwa. Ya tatu haiguswi mpaka imwage mbegu, ndipo tukate za kuezekea. Mwaka ufuatao zamu hubadilika. Ni kazi, ndugu zangu. Jirani hucheka, na mbuzi hawajui zamu. Lakini asubuhi hizi, kabla ya jua kupanda, twawasikia kwale wakiitana upande ule ambao haujakatwa.

Na tuombe. Bwana Mungu, uliyeziotesha nyasi kabla ya kumwumba mtu, utusamehe kwa kiota kile. Utupe subira ya kungoja zamu ya kila kipande. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.