Nauli ya Watu Wawili



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kazi yetu ya kutibu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Madaktari bingwa wa fani hii nchini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam na miji kama Moshi. Mgonjwa wa kwetu huanzia Muheza, na barabara ya kushuka huko wakati wa masika hatuna haja ya kuwaelezea.

Leo tuseme kifafa. Watu hutuuliza kuhusu mashine za kupiga picha ya ubongo. Zinasaidia, lakini kipimo kikubwa ni maelezo. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, maana alizimika. Anayejua ni aliyemwona akianguka: mkono gani ulianza kutikisika, macho yaligeukia wapi, ilichukua dakika ngapi. Mama akitusimulia hayo vizuri, au kijana akituonyesha video ya simu, mara nyingi dawa huanza siku hiyo hiyo. Lakini wengi huja peke yao, kwa sababu nauli ilitosha mmoja. Hapo tunabaki kukisia.

Raha ya kazi hii ni kubwa. Fenobabito ni dawa ya tangu 1912, na bei yake ni ndogo. Dkt. Louise Jilek-Aall aliitumia Mahenge tangu miaka ya 1960, kwa watu waliokuwa wametengwa na jamaa zao. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Nasi tumewaona: waliokuwa hawaachwi karibu na moto, leo wanapika na kuchuma chai. (Na povu haliambukizi, jamani. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.)

Kinachotutisha ni dawa kukatika ghafla. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, hata likaua.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili katika harambee hii: nauli ya kwenda na kurudi kwa mgonjwa pamoja na aliyemshuhudia, na akiba ya dawa ya miezi mitatu chini ya mganga wa zahanati. Mweka hazina ameketi pale mlangoni, na daftari liko wazi.