Uso wa Gita

(Maneno ya fundi seremala mmoja mbele ya mkutano wa waalimu na wazee)



Nimeitwa nieleze jinsi gita linavyoundwa kwa mkono. Wengi huniuliza kwanza habari za shingo na nyuzi, kwa kuwa ndivyo vionekanavyo. Mimi huanza na uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu. Hapo ndipo sauti ikaapo.

Jambo hili alilithibitisha Antonio de Torres, seremala wa Hispania, aliyezaliwa karibu na Almería mwaka 1817. Mwaka 1862 aliunda gita lenye uso wa mbao njema, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Chombo hicho kingali kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Barcelona. Katika gita zake nyingi alibandika chini ya uso vijiti saba vilivyotawanyika mfano wa pepeo, ubao upate kuwa mwembamba bila ya kushindwa.

Fikirini: nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya ratli 80 hivi, na ubao wenyewe una unene wa milimita mbili na nusu tu. Ukiwa mnene hautetemeki. Ukizidi wembamba huvimba na kupasuka. Kwa hiyo nichukuapo randa huupinda ubao kwa vidole, kisha huugonga karibu na sikio. Kipimo cha chuma ninacho, illa hakijui kwamba mbao mbili za gogo moja si sawa.

Mbavu hulowekwa maji na kupindwa juu ya bomba la chuma lenye moto. Kwa mgongo, mpingo wetu wafaa sana, ingawa hutia patasi butu.

Mwalimu mmoja aliniagizia gita kwa sikukuu ya shule. Siku zilikuwa chache, nikatumia ubao usiokauka barabara. Siku ile lililia vizuri. Kiangazi kilipokuja ubao ulisinyaa, uso ukapasuka toka daraja hata ukingoni. Naye alikuwa amelipa mshahara wa mwezi mzima! Nikamwundia jingine bila malipo, akalingoja miezi kumi na mmoja. Lile la kwanza lingali limetundikwa katika karakana yangu, na kila mwanafunzi mpya huligonga kabla sijampa randa.