Mwendo wa Pole, Mkato Ulionyooka: Msumeno wa Utepe kwa Karakana Ndogo za Misisi

Mada kwa semina ya mafundi chuma, Misisi, teritwari ya Fizi



1. Kwa nini tuzungumzie msumeno

Kazi nyingi za karakana zetu zinatoka mgodini: shafti za vinu vya kusaga mawe, baramina, patasi, vikalio vya pampu za maji. Chuma kinachopanda kutoka bandari ya Baraka hupita barabara ya Fizi, na mafuta ya jenereta vilevile. Kipande kilichokatwa upande ni hasara ambayo nauli yake imeshalipwa.

Grenda kubwa ya diski ya milimita 230 hula wati 2,000 na zaidi. Diski huisha, na cheche huruka hadi kwenye madumu ya petroli. Msumeno mdogo wa utepe hutosheka na mota ya wati 370 hadi 550. Chuma kikishafungwa kwenye jiliwa, mkono wa msumeno hushuka kwa uzito wake, fundi akaendelea kupiga tupa kazi nyingine. Ila mota ikiwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, kwa hiyo jenereta iwe na nguvu ya akiba.

2. Kubadilisha msumeno wa mbao

Msumeno wa chuma ukikosekana, wa mbao unaweza kubadilishwa, mradi mwendo upunguzwe kweli. Utepe wa mbao hukimbia mita 900 hivi kwa dakika. Chuma cha kawaida kinataka karibu 30. Ukikata chuma kwa mwendo wa mbao, meno huungua kabla mkato haujaonekana.

Hesabu ni hii: gurudumu la milimita 300 likizunguka mara moja, utepe husogea mita 0.94. Ili tupate mita 30, gurudumu lizunguke mara 32 kwa dakika. Mota yetu ya hezi 50 huzunguka kama mara 1,450. Tunahitaji kupunguza mara 45: giaboksi ya 15 kwa 1, kisha mnyororo wa pikipiki kutoka sproketi ya meno 14 hadi ya meno 42, yaani 3 kwa 1. Mnyororo ukae mwisho, kwenye nguvu kubwa, maana mkanda wa mpira ungeteleza hapo.

3. Kunyoosha mashine

Misumeno midogo iliyotengenezwa viwandani mara nyingi huja na miguu ya bati inayotikisika. Itoeni, mchomee kikalio cha chuma cha pembe. Kisha rekebisheni beringi zinazoongoza utepe: ziuguse bila kuubana. Kateni chuma cha mviringo cha milimita 50, mpime uso wake kwa pembemraba. Ukiwa umepinda, rudini kwenye beringi au jiliwa kabla ya kulaumu utepe.

Mkono ukishuka kwa nguvu, ongezeni mvuto wa springi inayoubeba. Chembe za chuma ndizo zitakazowaambia: zikijikunja, mko sawa, zikiwa vumbi, uzito ni mdogo, zikiwa za buluu, mnaunguza meno.

4. Utepe wenyewe

Angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Bomba jembamba linataka meno 24 kwa inchi. Shafti nene, 8 au 10. Chuma cha pembe kilazwe mgongo ukiwa juu, kama paa la nyumba. Utepe mpya uende kwa uzito nusu katika mikato ya kwanza. Springi ya gari isikatwe kabla ya kupashwa moto hadi iwe nyekundu na kuachwa ipoe polepole kwenye majivu.

Kiungo cha ncha mbili za utepe ndicho kilichowasumbua hata wavumbuzi. William Newberry alipata hataza ya msumeno huu Uingereza mwaka 1808, lakini tepe zilikatikia kwenye kiungo. Ilipofika 1846, Mfaransa Anne Paulin Crépin alipata hataza ya namna ya kuziunganisha, na mashine ikaanza kuenea. Sisi tuna faida: boraksi wanayotumia wayeyusha dhahabu ndiyo inayofaa hapa. Noa ncha zote mbili kwa mshazari, zilaze moja juu ya nyingine, paka boraksi, unganisha kwa risasi ya fedha. Kisha pasha kiungo tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama kioo.

5. Mapendekezo

Kwanza, karakana tatu au nne zichangie msumeno mmoja, kuliko kila moja kununua diski kila juma. Pili, sehemu ya utepe isiyokata ifunikwe kwa bati. Tatu, glavu zivuliwe kabla ya kuwasha, kwa kuwa jino likishika kitambaa huvuta na mkono. Nne, kila mashine iwekewe swichi inayozimwa na mkono wa msumeno unapofika chini. Bila swichi hiyo, fundi asiondoke karibu na mashine.